Bandama ya mtoto isitolewe yote kwa sababu ya uvimbe maji

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa watoto, na kuna jambo nataka kila mzazi alijue kabla hajatia saini fomu ya ridhaa. Mtoto wako akikutwa na uvimbe maji kwenye bandama, muulize daktari: "Mnaweza kuutoa uvimbe mkamwachia sehemu ya bandama?" Mara nyingi inawezekana. Lakini bila kuulizwa, wapo watakaoitoa yote, kwa sababu ndivyo walivyozoea.

Watoto hawa hufika kwetu wamechelewa, na sababu naielewa. Huku kwetu tumbo likivimba kushoto chini ya mbavu, jibu tunalo mdomoni: malaria. Na kweli malaria huvimbisha bandama, na selimundu pia kwa watoto wadogo. Basi mtoto anapewa dawa mseto, hapati nafuu, anapewa tena. Nyumbani nako wanampeleka kuchanjwa chale. Nilimvua fulana binti mmoja wa darasa la tatu nikakuta chale fupi fupi zimepangwa juu ya uvimbe wenyewe, nyingine makovu ya zamani, nyingine bado nyeusi kwa dawa iliyopakwa. Homa hakuwa nayo. Shida yake ilikuwa kushiba upesi, vijiko vichache vya wali anasukuma sahani, na maumivu yaliyopanda mpaka bega la kushoto. Bibi yake aliyempeleka kwenye chale simlaumu hata kidogo. Alimfanyia mjukuu kile alichofanyiwa yeye utotoni. Altrasaundi ndiyo iliyomaliza ubishi: duara kubwa jeusi katikati ya bandama, maji matupu, zaidi ya sentimeta 10 kutoka ukingo hadi ukingo.

Baadhi ya watoto huzaliwa na uvimbe huu, ukiwa na utando wa ndani unaoendelea kutoa majimaji. Kwa wengine ni matokeo ya kuumia: mtoto ameanguka kutoka mwembeni au amegongwa ubavuni na usukani wa baiskeli, damu ikavilia ndani ya bandama, na miezi ikipita yanabaki maji. Aina ya tatu huletwa na minyoo tegu ya mbwa. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huo, ingawa uvimbe wake hukaa zaidi kwenye ini na mapafu kuliko kwenye bandama. Hata hivyo daktari lazima aufikirie kabla hajachoma sindano, kwani maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mzio wa kuua na kusambaza mbegu za minyoo. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii huanzishiwa albendazole, dawa ya minyoo, kabla ya kisu.

Uvimbe mdogo usiomsumbua mtoto hauhitaji upasuaji. Kwa miaka mingi mpaka uliozoeleka umekuwa sentimeta 5: chini ya hapo ni kurudia altrasaundi mara kwa mara. Ukizidi, au ukiwa na maumivu, hatari ya kupasuka na kuvuja damu inakuwa ya kweli.

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe. Kunyonya maji kwa sindano ni rahisi, lakini utando ukibaki maji hurudi. Kukata paa la uvimbe kwa upasuaji wa matundu madogo ni bora zaidi na mtoto huenda nyumbani mapema, ila kwa uvimbe wa kuzaliwa nao bado hurudi mara nyingi. Njia ninayoitetea ni kukata ile sehemu ya bandama yenye uvimbe, pamoja na utando wake wote, na kuacha sehemu isiyo na ugonjwa. Bandama inaruhusu jambo hili. Mshipa wake mkubwa wa damu hugawanyika kabla ya kuingia ndani, na kila tawi hulisha kipande chake, kama chungwa lilivyo na vipande vyake. Daktari akifunga tawi la kipande kigonjwa, nyama yake hubadilika rangi palepale, na mpaka wa kukata unaonekana kwa macho. Ikibaki robo yenye damu ya kutosha, kwa kawaida inamudu kazi.

Na kazi yenyewe si ndogo. Zamani iliaminika kwamba bandama haina umuhimu. Mwaka 1952 King na Shumacker wa Indianapolis, Marekani, waliandika kuhusu watoto wachanga waliotolewa bandama kisha wakashambuliwa na maambukizi makali. Mwaka 1968 madaktari wa Toronto, Kanada, walieleza kwamba hata bandama iliyopasuka kwa ajali, kwa watoto wengi, inaweza kupona bila upasuaji. Mtoto asiye na bandama anaweza kuamka na homa asubuhi na kufariki kabla ya usiku, kwa bakteria wale wale wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sisi tuna malaria juu yake, na bandama ndiyo inayochuja chembe za damu zilizobeba vimelea. Mtoto wa Kigoma au Kisumu anaihitaji kuliko mtoto wa Toronto.

Najua hoja za upande wa pili. Kukata sehemu huchukua muda, huvuja damu, na benki ya damu mara nyingine haina kitu. Tena kuna uvimbe uliokaa penye mishipa mikuu, au uliokwisha kuila bandama karibu yote. Hapo kuitoa ni kuokoa maisha na sina ugomvi. Ninachokataa ni haraka. Uvimbe uliokaa miezi bila kupasuka kwa kawaida unaweza kusubiri wiki chache za rufaa hadi kwa bingwa wa upasuaji wa watoto.

Ikilazimu kuitoa yote, chanjo za nimonia na uti wa mgongo zitolewe angalau wiki mbili kabla. Zile za kliniki ya utotoni hazitoshi peke yake. Baadaye ni penisilini kila siku kwa miaka, chandarua kila usiku, na homa yoyote ni hospitali saa ileile. Akina mama huniuliza, "Hata kama ni mafua tu, dada?" Ndiyo, mama, ikiwa kuna homa. Nimeona familia zikiruhusiwa na maelekezo ya kidonda tu, na nyingine zikizunguka maduka ya dawa kutafuta chanjo kwa fedha zao. Chanjo hizo zinapaswa kuwa kwenye friji ya wodi ya upasuaji, na zichomwe kabla mtoto hajapangiwa siku ya kuingia chumba cha upasuaji.