Weka grenda chini, fremu ya babu haina kosa

Juzi kwa fundi nimemkuta dogo mmoja kaleta baiskeli ya Raleigh ya zamani, ile nyeusi yenye breki za vyuma, fremu imenyooka safi na mstari wa dhahabu kwenye bomba bado unaonekana, alafu anataka bomba la juu likatwe lichomelewe upya liinamie mbele ili "ifanane na resa", yaani baiskeli ya mashindano. Fundi kashashika grenda. Nikasema jamani subirini kwanza. Tumebishana nusu saa nzima juani na hatukumaliza, sa acha nimalizie hapa.

Mi nasema hivi, ukitaka baiskeli ya kizamani iende kasi usiguse fremu. Gusa vile vinavyofunguka kwa spana, kila ulichofungua kitunze, alafu kazi kubwa ibaki kwenye mgongo wako wewe unayepanda maana upepo unakupiga wewe kifuani kuliko unavyoipiga baiskeli.

Najua kwa sababu nimeharibu kwanza ndo nikajua. Yangu ni ya babu, aliinunua kwa hela ya pamba enzi hizo, ikabeba magunia, ikabeba wagonjwa, ikambeba bibi siku ya harusi (bibi anakataa, anasema alitembea kwa miguu). Ilipofika kwangu hapa Mwanza nikaipandisha kwenye mizani ya muuza mahindi, kilo 23. Basi kichwani nikajua tatizo ni uzito tu. Nikang'oa keria, stendi, dainamo, madigadi, kava la cheni, ikabaki kama kilo 18 hivi, nikaona hapo tayari mi ni bingwa wa dunia.

Nina kipande changu cha barabara, kilomita 5 tambarare kuelekea Kisesa, nilikipima kwa simu. Kabla sijang'oa chochote nilitumia dakika 14 na sekunde 30. Baada ya kung'oa kilo zote hizo? Dakika 14 na sekunde 10. Sekunde 20 jamani! Kwenye mlima kilo 5 unazisikia mapajani, ila kwenye tambarare ukishashika mwendo uzito haukusumbui sana, kinachokula nguvu zako ni upepo, na upepo una tabia mbaya. Ukitoka kilomita 20 kwa saa ukataka 30, mwendo umeongezeka mara 1.5 tu, lakini nguvu ya kupambana na upepo chukua 1.5 mara 1.5 mara 1.5, inafika mara 3 na zaidi. Na sehemu kubwa ya hicho kinachokinga upepo ni mwili wako, umekaa wima kama uko kwenye benchi la kanisa.

Kwa hiyo usukani ushuke. Hapo ndo nilipotaka kufa.

Shida ya hizi Raleigh na Phoenix za zamani ni kwamba usukani na breki ni kitu kimoja, zile hendeli zimefungwa humohumo kwenye usukani na vyuma vinashuka mpaka kwenye gurudumu, huwezi kuugeuza chini juu ukabaki na breki. Nikanunua usukani wa resa, ule wa pembe za kondoo, kwenye rundo la mitumba, shingo yake, kile chuma kinachoushikilia usukani kwenye fremu, nikaitoa kwenye mountain baiki chakavu ikaingia bila matata kwa sababu unene ni uleule, milimita 22.2. Fundi akanifungia breki za waya zile za kubana ubavuni. Nikamuuliza mzee hii itashika kweli, akasema itashika tu kijana wangu, we endesha.

Haikushika. Rimu ya breki za chuma haina ubavu bapa, imeviringika pembeni, kwa sababu breki yake ya asili inavutwa kwenda juu na kusugua rimu kwa ndani upande wa spoku. Sa ukibana raba ubavuni inakutana na mviringo, inateleza. Mi nimekuja kuligundua hilo nikiwa nashuka mteremko wa Bugando asubuhi, nimebana hendeli zote mbili mpaka zinagusa usukani na baiskeli inaongeza mwendo tu, mbele mama kapanga majiko yake ya chapati. Nilipiga breki ya kandambili. Soli ya kushoto iliisha pale pale, kidole gumba nacho kikachangia, nikasimama kama hatua mbili kutoka kwenye jiko na yule mama hata hakuinua kichwa, akaniuliza unataka ngapi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza na ukinisahau kwa mengine yote usinisahau kwa hili, ukibadili breki badili na rimu. Mi nimeweka magurudumu ya 700, yale ya mtumba ya resa, ni madogo kidogo kuliko ya inchi 28 ya zamani, ukipiga hesabu rimu inasogea milimita 6.5 kuelekea kwenye ekseli, maana yake breki lazima ziwe za mkono mrefu ziweze kuifikia. Alafu angalia hab ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, fremu ya zamani ni nyembamba kule nyuma, hab ya kisasa yenye gia nyingi haiingii mpaka upanue chuma kwa nguvu, na hapo ndo watu wanarudi tena kwenye grenda. Tafuta hab nyembamba ya gia moja, uishi kwa amani. Mi nina meno 48 mbele na 16 nyuma, zamani nyuma yalikuwa 18, ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika unakaribia kilomita 31 kwa saa na mapafu yakikubali.

Kitu kingine ambacho fundi wengi hawakwambii, kwenye krenki, ile mikono ya pedali, usiwaachie nyundo. Ile kotapini, pini inayoibana krenki kwenye ekseli yake, ukiigonga bila kuweka bomba la kuizuia kwa chini, mshtuko wote unaishia kwenye gololi, zile 11 za robo inchi kila upande, na kwenye vikombe vinavyozishika. Na vikombe vya Raleigh vina thredi yake yenyewe, yale meno ya kukazia, 26 kwa inchi, za wengine ni 24. Mtu akikulazimishia cha 24 kwenye fremu ya Raleigh, fremu umeiua. Loweka kotapini mafuta ya taa usiku mzima, kesho yake utaitoa kistaarabu.

Siti je. Fremu hizi zimelala sana nyuma, ukiinama magoti yanakupiga tumboni, mi nilihangaika wiki nzima kumbe dawa ni kugeuza ile klampu chini ya siti ikae upande wa pili, siti inasogea mbele, bure kabisa.

Baada ya yote hayo nikarudi kwenye kipande changu, kifua kimelala, viwiko vimekunjwa. Dakika 12 na sekunde 20. Kilo 5 zilinipa sekunde 20, kuinama kukanipa 110, na sikukata chuma hata kimoja.

Haya mabishano sio mapya lakini. Mwaka 1934 kule Chicago Schwinn walitoa baiskeli inaitwa Aerocycle, nzuri mno, ina tangi la uongo kama pikipiki, mabati yamekunjwa kama ndege, na mpandaji juu yake kakaa wima vilevile. Sa linganisha na Paris mwaka mmoja kabla, Francis Faure kalala chali kwenye baiskeli ya Charles Mochet, wala hakuwa mtu wa kutisha kwenye mashindano ya kawaida, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuivunja rekodi ya Oscar Egg iliyokaa tangu 1914. Wakubwa wa UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, wakafanya nini? Wakazipiga marufuku hizo baiskeli za kulala mwaka uliofuata.

Na Graeme Obree huyo Mskoti ndo mtu wangu kabisa. Kajitengenezea baiskeli yake mwenyewe, beringi kaitoa kwenye mashine ya kufulia, mikono kaikunja chini ya kifua kama kuku aliyelala. Julai 1993 pale Hamar, Norway, akajaribu rekodi ya saa moja akashindwa, kesho yake asubuhi akarudi na miguu ileile iliyochoka akapiga kilomita 51.596. Siku 6 baadaye Chris Boardman akaichukua kwa 52.270, na mwaka uliofuata huo mkao wa Obree nao ukapigwa marufuku. Ukiona wanakataza namna ya kukaa ujue hapo ndo kasi ilipo.

Dogo bado hajanielewa vizuri, anasema ikiinama fremu inapendeza. Kupendeza sawa, sibishi, ni hela yake na ni chuma chake, lakini hilo bomba likishakatwa haliwi tena vile lilivyokuwa. Mi vitu vyote vya babu viko kwenye salfeti stoo, usukani na vyuma vyake vya breki, keria, stendi, magurudumu, mpaka kengele. Mwezi wa sita binamu alipiga simu kutoka kijijini, mahindi yamekauka na hana usafiri. Jioni moja tu na spana mbili, kesho yake baiskeli ikapanda basi imevaa keria yake.