Naomba Hesabu Yangu

Kwa muda mrefu nimejihesabu miongoni mwa watu wachache wanaojua kula vizuri katika miji ya ufukweni, na ujuzi huo sikuupata kwa kubahatisha bali kwa kanuni. Mkahawa wenye mpiga debe mlangoni naupita bila kugeuza shingo, kwa sababu chakula kizuri hakimvuti mtu kwa mkono. Orodha ya vyakula yenye kurasa 12 naifunga mara tu niionapo unene wake, kwani hakuna jiko linaloweza kupika vyakula 90 na vyote vikawa vya siku ileile. Kinachowezesha orodha ya namna hiyo ni friza. Meza inayotazama machweo nawaachia wapendanao, maana anayeketi hapo huwa analipia na jua. Na bahari ikichafuka siku mbili, mashua zikavutwa mchangani na kufunikwa, kisha nikakuta ubao umeandikwa "Samaki wa leo", mimi husimama kidogo nikajiuliza ni leo ipi inayosemwa.

Kanuni hizo zote nilikuwa nazo kichwani jioni ya kwanza ya likizo yangu, nilipoingia katika mkahawa mdogo usio na mpiga debe, wenye orodha ya ukurasa mmoja, siku ambayo asubuhi yake nilikuwa nimeziona kwa macho yangu mashua zikirudi na samaki. Mpishi mwenyewe, mwanamume mnene aliyevaa aproni, alitoka jikoni na samaki mzima juu ya sinia ili nimkague kabla hajapikwa, nami nilimkagua kama daktari anavyomkagua mgonjwa. Macho yalikuwa yamejaa na kung'aa, hayakuzama wala kuingia ukungu. Nikainua kifuniko cha shavu, nikaona matamvua mekundu. Nikabonyeza mgongo kwa kidole, nyama ikarudi mahali pake bila kuacha bonde. Nikanusa, nikapata harufu ya bahari na si zaidi. Watu wa meza za jirani walikuwa wameacha kula ili wanitazame, na nakiri kwamba hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya ninuse mara ya pili. Mpishi akamweka samaki kwenye mizani, akatamka kwa sauti, "Kilo moja na gramu mia nne," nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye angesema vivyo hivyo hata bila mizani.

Nilichosahau kukikagua ni orodha ya bei. Ile bei niliyoifurahia moyoni haikuwa ya samaki, ilikuwa ya gramu 100, na maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa herufi ambazo sisimizi angehitaji miwani kuzisoma. Nililipa mara 14 ya nilichotarajia. Zaidi ya hayo, samaki alipimwa akiwa mzima, na katika samaki wengi kichwa, mifupa na matumbo huchukua karibu nusu ya uzito, kwa hiyo nililipia kwa bei kamili matumbo ambayo paka wa mkahawa alikuwa akiyala chini ya meza yangu, tena bila kuonyesha shukrani yoyote.

Usiku ule sikulala vizuri, na mtu asiyelala hubuni. Nilibuni kanuni mpya: mfuate mpishi. Niliipima hoja hiyo kila upande nikaiona haina ufa. Dereva wa teksi anaweza kukupeleka anakopewa kamisheni. Maoni ya intaneti huandikwa na wageni wa siku tatu kama mimi, na nyota nyingi wanazotoa ni za upepo na machweo. Lakini mpishi anayejua siri za kila jiko la mji, akishamaliza kazi saa nne za usiku, amechoka na ana njaa, atakwenda wapi kama si mahali palipo bora na pa bei nafuu? Ufa ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa kuliko hoja yenyewe: kwa kawaida wafanyakazi wa mikahawa hula pamoja kabla mlango haujafunguliwa kwa wateja, na mpishi anayetoka saa nne za usiku haendi kula nje. Anakwenda kwake.

Kesho yake, basi, nilijibanza nyuma ya mkahawa uleule nikiwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Mpishi alitoka kwa mlango wa nyuma, kifurushi kimoja mkononi, akashika njia ya vichochoroni, nami nikamfuata kwa umbali wa hatua 20 hivi. Mara moja aligeuka ghafla. Niliinama haraka nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikaendelea kuzifunga kwa muda wa kutosha, mpaka nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimevaa kandambili.

Tulipita nyumba zilizozimwa taa, tukapita kisima, kisha mpishi akaingia katika ua wenye taa moja na kutokomea nyuma ya nyumba. Nilipochungulia, moyo wangu uliruka kwa furaha, kwani palikuwa na kila dalili niliyowahi kuisifu. Hapakuwa na ubao, wala mpiga debe, wala orodha ya vyakula. Palikuwa na sufuria moja kubwa juu ya makaa, meza moja ndefu, mkeka, mzee na bibi waliokuwa wakicheza karata, na mtoto wa kike wa miaka kama tisa aliyesinzia mezani. Nilijisemea kwamba hapa ndipo wenyeji wanapowaficha wageni wasipajue.

Mwanamke aliyekuwa jikoni aliniona, akajifuta mikono. "Karibu, mwalimu," akasema. "Sisi tulikwishakata tamaa."

Sikushangaa. Katika mikahawa nimeitwa bosi, mkubwa, hata mheshimiwa, na "mwalimu" niliona ni cheo kinachonifaa kuliko hivyo vyote. Kuhusu kukata tamaa, nilielewa kwamba wateja ni wachache, nikamfariji kwa kumwambia kwamba kwa watu wa aina yangu uchache wa wateja si kasoro.

Nikaketi. Moshi ulikuwa unanijia usoni, kwa hiyo niliomba nihamishiwe upande wa pili, na mtoto akaondolewa usingizini ili anipishe. Nikamwomba pia aifute meza, akaifuta huku akinitazama kwa woga ambao wakati ule niliuchukulia kuwa ni nidhamu ya kazi.

"Leo kuna nini?" nikauliza.

"Kilichopo ni hicho hicho, mwalimu, samaki na ngisi," mwanamke akajibu.

"Samaki ni wa leo?"

Hapo palikuwa na ukimya mfupi. Akajibu kwamba ni wa leo. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba ningependa kuyaona macho yake kwanza.

Bibi aliweka karata zake chini. "Mgeni wetu," akasema, "macho ya samaki huyo ameshayala babu."

Yule mzee akatikisa kichwa kuthibitisha, nami nikaridhika, kwa kuwa ushahidi wa mtu aliyekula jicho si haba.

Chakula kilipokuja nilikula bila kuzungumza, na katika hilo sina mzaha: sijawahi kula ngisi laini namna ile. Nilipomaliza sahani ya pili niliona ni wajibu wangu kutoa pongezi zenye maelezo, nikawaeleza kwamba ngisi ana dakika zake, kwamba ukimtia kwenye moto mkali kwa dakika moja au mbili huwa laini, ukimzidisha kidogo huwa raba, na ukishakosea hapo huna budi kumwacha achemke taratibu nusu saa au zaidi mpaka alainike upya. Nikaendelea mpaka kwa jodari, nikaeleza kwamba asipowekwa kwenye baridi mapema hujenga kemikali iitwayo histamini ambayo hata moto wa jiko hauiondoi, na kwamba mlaji anaweza kuwashwa mwili mzima na uso kuwa mwekundu muda mfupi baada ya kula.

"Kumbe somo limeshaanza," bibi akamnong'oneza mzee. "Mwamshe mtoto."

Maneno hayo niliyasikia vizuri na sikuyatilia maanani, kwani nilikuwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba hasikii ila anachokitaka. Nikasogeza kiti nyuma. Sasa, mimi hupenda Kiswahili fasaha, na neno "bili" huwa linanikera, kwa hiyo nilinyoosha kidole juu na kutamka kwa sauti ya kusikika ua mzima:

"Naomba hesabu yangu!"

Mwanamke akageukia nyumbani. "Mwanangu, haraka! Mwalimu anataka hesabu!"

Mtoto akatoka mbio na daftari, kitabu na penseli mbili zilizochongwa, akaviweka mbele yangu, akasimama wima, mikono nyuma.

Ilinichukua muda kuelewa, na muda huo wote nilikuwa nikiligeuzageuza daftari nikitafuta jumla. Mpishi, kumbe, alikuwa ameiahidi familia yake kwamba wiki ile angemleta mwalimu wa kumfundisha binti hesabu jioni, na mwalimu alikuwa hajatokea. Mimi nilipoingia nyuma ya mwenye nyumba hatua 20 tu, saa nne za usiku, nikiwa na miwani na maneno mengi, hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba mimi ni kitu kingine. Niliwaza kukimbia, lakini nilikuwa na sahani mbili tumboni na kandambili miguuni. Nilifungua kitabu palipokunjwa.

Swali lilisema hivi: mfanyabiashara anauza samaki kwa bei fulani kwa kila gramu 100, mteja amenunua samaki wa kilo 2 na gramu 300, atalipa kiasi gani?

Nililitazama swali lile kama mtu anavyomtazama mdai wake. Kisha nikajikaza, nikamweleza mtoto kwamba kilo moja ni gramu 1,000, kwa hiyo samaki ana gramu 2,300, ukigawa kwa 100 unapata 23, basi mteja atalipa bei hiyo mara 23. Nilisisitiza, labda kwa uchungu kuliko ilivyohitajika, kwamba jambo la kwanza kabisa ni kuyasoma maneno "kwa kila gramu 100", hata kama yameandikwa kwa herufi ndogo kiasi gani.

Ndipo mpishi akatokea kutoka bafuni, taulo begani, akasimama, akanitazama, akatazama daftari, akanitazama tena.

"Kilo moja na gramu mia nne!" akapaza sauti.

Sikuweza kusema lolote. Alipouliza mkewe ni nani huyu, na mkewe akajibu kwamba ni mwalimu wa hesabu uliyemleta, mpishi alikaa chini kwenye mkeka akacheka mpaka karata za wazee zikatawanyika. "Mwalimu gani huyu," akasema akipangusa machozi, "na jana swali hilohilo lilimshinda mezani kwangu!"

Nilieleza kila kitu, pamoja na kandambili. Nilijaribu kulipa, wakakataa. Nikajaribu tena, bibi akakasirika. Mwishowe mpishi alitoa uamuzi: mwalimu halisi hajaonekana, maswali ya kitabu bado ni mengi, na kwa kuwa mimi sasa nayajua ya uzito vizuri kuliko mtu yeyote mjini, nije kila jioni mpaka likizo yangu iishe.

Nilikwenda jioni nne. Tulimaliza uzito, tukaingia hesabu za sehemu, na wageni wenzangu wa hotelini waliponiuliza ninakula wapi, niliwajibu kwamba mahali penyewe hawachukui mtu asiyejua kugawa. Jioni ya mwisho bibi alinitengea sahani iliyofunikwa. Nilipofunua nilikuta kichwa kizima cha samaki, macho yake mawili yakinikodolea.

"Kagua, mwalimu," akasema. "Babu amekusamehe yote mawili."

Mzee, upande wa pili wa mkeka, alikuwa amegeuza uso akitazama ukutani.