Rekodi za kukamatwa Lamu na Malindi: nani aonyeshwe, nani afichwe?

Msako ukipita mtaani usiku, picha za vijana waliochuchumaa mbele ya gari la polisi huwa zimeshaenea kwenye makundi ya WhatsApp kabla adhana ya alfajiri haijaisha. Majina yao yako pale, na mitaa yao pia. Asubuhi mama anakwenda kituoni na chupa ya chai na mkate kumuulizia mwanawe, anajibiwa: "Hapa hayuko, mama, hebu jaribu kituo kingine."

Mjadala wetu wa pwani kuhusu rekodi za kukamatwa ungeanzia hapo. Wanaotaka zifunguliwe husema umma una haki ya kujua. Wanaotaka zifungwe husema kukamatwa si kutiwa hatiani. Wote wana hoja, ila naona wanazungumzia vitu viwili kwa jina moja. Ipo habari ya kukamatwa inayomlinda aliyekamatwa: yuko wapi, tangu saa ngapi, nani alimshika, kwa kosa gani. Na ipo ile inayomwandama miaka baadaye anapotafuta kazi, nyumba ya kupanga au mchumba. Ya kwanza tunaificha na ya pili tunaimwaga, na ingefaa kuwa kinyume chake.

Tuanze na kituo. Kila kituo cha polisi Kenya kina kitabu cha matukio, ambacho kila mtu anakiita OB. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, linakaa kwenye kaunta mbele ya afande wa zamu, na kila tukio lina nambari inayoanza upya kila siku. Ukiambiwa OB namba 14 ya tarehe fulani, maana yake ni tukio la kumi na nne kuandikwa siku hiyo. Pamoja na OB, kituo chenye seli hutakiwa kiwe na sajili ya waliozuiliwa. Jedwali la tano la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linataja yanayopaswa kuandikwa humo: jina, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, afisa aliyekamata, na kama mtu amehamishwa, amehamishwa lini. Mama wa chupa ya chai angesomewa mstari mmoja tu wa sajili hiyo, asingezunguka.

Kwa hiyo anayemtafuta jamaa yake asiulize tu "yuko hapa?" Aulize nambari ya OB na saa iliyoandikwa. Afande anayejibu swali hilo amejifunga mwenyewe kwa tarehe na saa, na baadaye ni vigumu kusema kijana hakufika. Hapohapo umkumbushe, kwa adabu, kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine atakaohitaji msaada wao, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au zikiishia nje ya saa za mahakama, kabla ya siku inayofuata ya mahakama kwisha. Kwa mtu aliyeshikwa Kiunga au Kizingitini, ambako kufika Amu, yaani mji wa Lamu, ni safari ya baharini, saa hizo huenda haraka, na umbali ndio udhuru unaotolewa mara nyingi zaidi. Ukiambiwa "boti haikupatikana", omba udhuru huo uandikwe kwenye OB.

Mlango mwepesi zaidi ni mahakama. Mtu akishashtakiwa, habari yake imetoka gizani. Kesi husikizwa hadharani, orodha ya kesi za siku hubandikwa na pia huwekwa kwenye mtandao wa Idara ya Mahakama, na hukumu nyingi, hasa za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, husomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law zikiwa na majina ya washtakiwa. Ukienda kwa karani wa masjala na nambari ya kesi, faili hupatikana. Ukienda na jina peke yake, ujiandae kusubiri, maana Bakari Ali na Mohamed Omar hapa kwetu ni wengi. Na kama jamaa yako haonekani kituoni wala mahakamani, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu, Malindi au Garsen, aombe amri ya kumtaka aliyemshika amlete mtu huyo mbele ya jaji. Kifungu cha 25 cha Katiba kimeiweka haki ya kupata amri hiyo kati ya zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Kisha ipo njia ya barua, ambayo haitumiki inavyostahili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Hulazimiki kutoa sababu. Kuomba hakulipiwi, ila gharama ya nakala. Jibu litoke ndani ya siku 21, na zinaweza kuongezwa 14 mara moja tu. Lakini kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48, na hicho ndicho kipengele cha dhahabu kwa familia. Barua haina haja ya maneno makubwa:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Naomba, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kuarifiwa kama ndugu yangu, mwenye jina na nambari ya kitambulisho vilivyo hapa chini, alizuiliwa kituoni kwako kati ya Ijumaa na Jumapili. Nambari ya OB. Saa aliyoingia na saa aliyotoka. Na alipelekwa wapi. Habari hii inahusu uhuru wake, hivyo naomba jibu ndani ya saa 48."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Muhuri huo ndio ushahidi wako ukinyimwa jibu, kwani una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ofisi ya Ombudsman, ambayo ina tawi Mombasa. Jambo moja wakazi wa Malindi walijue: haki hii ni ya raia. Mtaliano aliyeishi Casuarina miaka ishirini bila uraia hawezi kuidai kwa sheria hii, ingawa akikamatwa yeye mwenyewe haki za kifungu cha 49 ni zake sawa na za yeyote.

Sasa hoja ya wanaotaka kila kitu kifunguliwe. Silaha yao kubwa hapa Kilifi ni mkasa wa Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula, na wana haki ya kuitumia. Mhubiri huyo, Paul Mackenzie, hakuwa mgeni kwa polisi wala kwa mahakama za Malindi. Alishikwa mwaka 2017, na Machi 2023 akashikwa tena baada ya vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Aprili makaburi yakaanza kufukuliwa msituni, na miili ikapita 400. Watu wanauliza: je, rekodi zake zingekuwa wazi kwa kila mzazi, kuna aliyepanda basi kwenda msitu ule angebaki nyumbani?

Swali zito, lakini nikilipima naliona halibebi mzigo wote wanaolitwisha. Kukamatwa kwa Mackenzie hakukufichwa. Kulitangazwa kwenye televisheni na magazetini, na Malindi nzima ilikuwa na habari. Kilichokosekana ni mtu wa kuziunganisha rekodi zile: kituo kilichopokea malalamiko, mahakama iliyotoa dhamana, machifu waliosikia minong'ono. Kumfungulia mwananchi daftari hakumponyi afisa asiyelisoma lake mwenyewe.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi kwangu: pasipo na maandishi yanayoonekana, mtu anaweza kupotea. Pwani inalijua jambo hili. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na amri za kutotoka nje zilizofuata Lamu, mashirika ya haki kama MUHURI na Haki Africa yamekuwa yakipokea familia zinazotafuta watu wao waliochukuliwa na kutoonekana tena. Na si Lamu peke yake. Albert Ojwang alishikwa Homa Bay mwezi Juni 2025, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza, kwamba alijigonga kichwa ukutani, yalikanushwa na upasuaji wa mwili wake. Daftari linaloandikwa na mshikaji peke yake na kusomwa na mshikaji peke yake ni la kutiliwa shaka. Serikali imeahidi OB ya kidijitali. Ni sawa, ila kompyuta nayo huandika inachoambiwa. Cha maana ni nani mwingine anayeruhusiwa kuona kilichoandikwa, na lini.

Upande wa pili nao haudharauliki, hasa katika mji kama Amu. Hapa jina halifichiki. Ukisema "kijana wa fulani, nyumba ya karibu na msikiti fulani", umeshamtaja yeye, ukoo wake na dada zake wanaosubiri posa. Vijana wanaobebwa kwenye misako ya unga, yaani dawa za kulevya, wengi wao huachiliwa bila shtaka, lakini hoteli ya Shela iliyoona picha haitasubiri uamuzi wa hakimu. Marekani imetupa mfano wa mbali wa njia hii inakoishia. Katika majimbo mengi kule, jina na picha ya aliyekamatwa ni habari ya umma, na hapo wakazuka wafanyabiashara wa tovuti waliokusanya picha hizo kisha wakadai malipo ili waziondoe, hata kwa watu ambao kesi zao zilitupwa. Georgia na California ni kati ya majimbo yaliyolazimika kutunga sheria ya kuwazuia. Sisi tuna makundi ya WhatsApp yanayofanya kazi hiyo bure.

Kwa mwajiri, Kenya tayari imechagua njia ambayo mimi naiona ya haki: cheti cha maadili mema. Anayekiomba ni mwenye jina, kupitia eCitizen, kwa shilingi 1,050, akapigwa alama za vidole, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wakatafuta rekodi zake. Mwenye hoteli au mwenye madrasa anayetaka kujua humwambia anayeomba kazi alete cheti. Hapiti mlango wa nyuma kuuliza kituoni. Siri hupita mikononi mwa mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba pesa hizo si kidogo kwa mvuvi au kijakazi, na wengine hubaki na rekodi ya kesi iliyokwisha zamani kwa kuachiliwa. Kwa hao kuna kipande cha kifungu cha 35 ambacho watu hukipita: kila mtu ana haki ya kudai habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Nakala ya uamuzi wa mahakama ndiyo ushahidi wa kwenda nayo. Kwa watoto sitaki hata mjadala. Majina yao yasitajwe, na wenye kusambaza picha zao wangepaswa kuwa ndio wanaoitwa kituoni.

Kwa hiyo msimamo wangu unafuata saa. Mtu akiwa seli, familia na wakili wake waonyeshwe kila mstari unaomhusu, papo hapo. Akishtakiwa, mahakama iko wazi kwa wote. Akiachiliwa bila shtaka au kesi ikianguka, jina lake lifungwe, asipewe mwajiri wala jirani.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulikwepa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeanza kuwa pazia zuri: ukiuliza chochote kituoni, unajibiwa kuwa ni habari za kibinafsi za mtu. Nikisema majina yafungwe baada ya kuachiliwa, namsaidia pia afisa aliyebeba vijana hamsini usiku mmoja bila sababu. Pazia hilo lina tundu, nalo ni hesabu. Omba kwa barua, bila jina hata moja: katika misako ya mwezi uliopita mjini Lamu, walikamatwa wangapi, waliandikwa wangapi kwenye sajili, walifikishwa mahakamani wangapi, waliachiliwa wangapi bila shtaka na baada ya saa ngapi. Hapo hakuna siri ya mtu ya kulinda. Kituo kitakachosema hakina hesabu hizo kimeungama kwamba sajili haijazwi, na kitakachozikataa kitalazimika kueleza kwa Ombudsman inalindwa faragha ya nani.