Oolong: ya mkaa au ya kijani?

Wanywaji wa oolong, chai iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi kwa jinsi inavyochachushwa, wana ubishi wao wa siku nyingi: wapo wanaotaka ile ya zamani iliyobanikwa kwa mkaa, na wapo wanaotaka ya kijani yenye harufu ya maua. Mfano mzuri ni oolong iitwayo Tieguanyin, ya Anxi, mkoani Fujian, China. Tangu miaka ya 1990 mtindo wa kijani umeliteka soko lake. Majani huchachushwa kidogo (yaani huachwa kwa muda mfupi yabadilike kwa hewa), hayabanikwi au hubanikwa kidogo mno, kisha hufungwa kwenye pakiti zisizo na hewa na kutunzwa kwenye friji.

Uzuri wake haukanushiki. Mimina maji ya moto, funua kikombe, na maua yanakujia puani kabla hujanywa. Tena jani hafifu halina pa kujificha, utalijua kwa funda la kwanza. Chai ya mkaa haina uwazi huo, maana wapo wanaotumia moto kufunika majani duni au yaliyochakaa. Hoja hiyo ni nzito na ninaikubali.

Lakini moto mikononi mwa fundi ni jambo lingine kabisa. Kule milima ya Wuyi, Fujian hukohuko, mkaa hufunikwa majivu ili joto lipande polepole, na majani hukaa juu yake kwa saa nyingi ndani ya kapu la mianzi, fundi akiyageuza na kuyanusa. Ukali hupungua, ladha ya karanga na sukari iliyoungua hujitokeza, na chai huweza kukaa miaka bila friji. Aliyezoea chai ya rangi huipenda upesi, ila baada ya kubanikwa ipumzishwe miezi kadhaa kwanza, la sivyo ladha ya moto hufunika kila kitu.

Mimi naegemea mkaa, na si kwa ladha tu. Jani lililochachuka vya kutosha hustahimili moto. Lililotengenezwa kijani, ukilibanika sana, hubaki na ladha ya kuungua tupu. Soko likidai kijani peke yake, basi fundi wa mkaa ananyang'anywa kazi siku ileile majani yanapochumwa. Taiwan mitindo yote miwili ipo: chai za milima ya Alishan na Lishan huuzwa zaidi zikiwa za kijani, huku katika mji wa Lugu, nyumbani kwa oolong ya Dong Ding, mashindano ya chama cha wakulima yaliyoanza 1976 yakiendelea kuuthamini moto. Anxi nako kungefaa hivyo. Mnunuzi naye aulize kwanza jani lilichachushwa kiasi gani, ndipo aulize habari za mkaa.