Kaa Wangu Waliishia Mchuzini

Kazi yangu Jambiani ilikuwa kumpimia kaa mtafiti mmoja aliyetaka kujua, kwa bayomasi, nani anamla nani mwambani. Bayomasi ni uzito wa viumbe hai wa mahali, ukijumlishwa kundi kwa kundi. Akanichorea piramidi mchangani: mwani chini, kaa wanaokula mwani katikati, pweza juu. Tangu mwanasayansi Lindeman aandike mwaka 1942, akasema, inajulikana kwamba nishati hupungua kila ikipanda ngazi. Kwa makadirio ya darasani, hupita asilimia 10 tu. Nyingine huishia kwenye kupumua na kuhangaika.

Kaa wangu, gramu 600, niliwatia tengani, nikalifunga kidimbwini. Tundu zake hazipitishi dole gumba langu. Lakini pweza hana mfupa: pakipita mdomo wake mgumu, mwili wote unafuata.

Bamvua likaja, maji yakatoka, wanawake wakaingia pwani na vijiti. Wao hawahangaiki kumsaka pweza; husaka jalala lake, magamba ya kaa na kombe aliyoyatupa mlangoni. Nilipofika, tenga lipo, kamba ipo, magamba tele. Kaa, hata wa dawa.

Nyumbani kwa shangazi kunanukia nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Tenga lako limenipa pweza wa kilo 2. Keti ule."

"Shangazi, ule utafiti!"

"Utafiti ulikuwa kaa. Pweza kaingia mwenyewe."

Mtafiti akatokea na mizani kwapani. Nilijua leo nimefukuzwa kazi. Yeye akauliza kama kimebaki chochote, akapima sahani, akakokotoa: pweza wa kilo 2 anataka kaa kilo 20. Kwa gramu 600 zangu, pweza kapata gramu 60 tu, ncha ya mkono mmoja.

"Basi hizo 60 ndizo zilizobaki hapo," shangazi akasema. "Kuleni. Na hii nazi mtaiweka ngazi ya ngapi?"

Mtafiti akashusha kijiko. Nazi ni mmea, ngazi ya kwanza. Pweza ni ya tatu. Na shangazi anazimeza zote kwa tonge moja! Akafungua daftari, akaipiga mstari ile piramidi, akaanza kuchora utando, mishale ikipishana huku na huku, miwili ikiishia kwa mama mmoja mwenye kanga.

Shangazi akachungulia begani kwake.

"Nipunguze kidogo kiunoni."