Dubu wa barabarani si wa kusimamishiwa gari

Familia ikipanga kuzunguka hifadhi za milima ya Rockies nchini Kanada kwa gari na hema, swali la kwanza la watoto huwa moja: tutamwona dubu? Mkienda Mei au Juni, mna nafasi nzuri ya kumwona hata kabla hamjateremka garini. Majira hayo theluji bado imelala juu mlimani, na kingo za barabara ndizo zinazowahi kuota majani mabichi. Dubu hushuka kula nyasi changa na maua ya dandelioni hatua chache tu kutoka kwenye lami. Kwa maoni yangu swali la kwanza lingekuwa hili: mkishapita, dubu huyo atakuwa amejifunza nini kutokana na ujio wenu?

Mnyama wa hifadhi hujifunza upesi. Gari likisimama karibu naye na lisimdhuru, anazoea magari. Akiramba mafuta ya nyama kwenye meza ya kambi, anarudi kesho kwenye meza ya jirani. Mwisho wa mazoea hayo ni kugongwa, au kupigwa risasi na askari wa hifadhi kwa sababu amekuwa hatari kwa watu.

Tuanze na barabara. Ndani ya Banff, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada iliyoanzia mwaka 1885, barabara kuu ya Trans-Canada imezungushiwa uzio wenye kimo cha mita 2.4. Wanyama wamejengewa njia 44 za kuvukia: 6 za juu, zilizopandwa miti na nyasi, na 38 za chini. Kazi hiyo imepunguza ajali za magari na wanyama kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini uzio una mipaka yake. Katika hifadhi jirani ya Yoho alikuwepo dubu jike wa aina ya grizzly mwenye manyoya meupe, aliyejulikana kwa jina la Nakoda. Alijua kupanda uzio na kuingia upande wa barabara kula majani, na watu walisimamisha magari kumtazama hadi ikabidi eneo lake lipigwe marufuku ya kusimama. Juni 2024 watoto wake wawili waligongwa na gari wakafa. Siku hiyohiyo jioni mama yao naye akagongwa, na baadaye akafa kwa majeraha.

Ndiyo maana nashikilia kwamba dubu akiwa kando ya lami, dereva apunguze mwendo, awashe taa za tahadhari kuwaonya walio nyuma, kisha apite taratibu bila kusimama. Watoto watapata sekunde kumi, na zinatosha. Gari moja likisimama, la pili husimama, na baada ya dakika chache kuna foleni ya magari ishirini, milango wazi, na watu wamezagaa barabarani huku dubu amekatwa njia ya kurudi msituni.

Kutazama kwa utulivu kuna mahali pake na saa zake: alfajiri na magharibi, kwenye maegesho rasmi, kwa darubini. Chukueni ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42. Ya mara kumi hutetemeka mikononi mwa mtoto, na picha ikicheza anachoka haraka. Kagueni miteremko iliyosafishwa na maporomoko ya theluji, ile isiyo na miti mikubwa, kwa kuwa nyasi na vichaka vyake ndivyo chakula cha dubu. Kusini mwa mji wa Jasper kuna ukingo juu ya mto Athabasca ambako mbuzi weupe wa milimani huja kulamba madini ya udongo. Barabara ya Bow Valley, ndani ya Banff, nayo ni nzuri sana, ila sehemu yake ya mashariki hufungwa kwa magari kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi wakati wa machipuko. Wengi hufika alfajiri wakakuta imefungwa, basi angalieni tarehe kabla ya kupanga siku.

Umbali unaotakiwa ni mita 100 kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 30 kwa elk na moose, ambao ni jamii ya kulungu wakubwa, na kondoo wa milimani. Mita 30 ni kama mabasi matatu yaliyopangwa foleni, na mabasi mtoto anayaelewa kuliko mita. Wazazi humwogopa dubu na kumsogelea elk kwa sababu anafanana na kulungu mpole. Hilo ni kosa kubwa. Jike aliyezaa Mei au Juni huficha ndama kwenye nyasi na hushambulia kwa kwato za mbele, na dume la Septemba huwa limejaa hasira za kupigania majike.

Njia inayopendwa zaidi ni Icefields Parkway, kilomita 230 kutoka Lake Louise hadi Jasper. Saa tatu zinatosha kuimaliza, na kuimaliza kwa saa tatu ni kuiharibu. Lala angalau usiku mmoja katikati. Jazeni tangi kabla ya kuingia, maana kituo cha mafuta ni kimoja tu njiani, Saskatchewan Crossing, nacho hufungwa majira ya baridi. Mtandao wa simu haupo kwa sehemu kubwa, basi ramani ipakuliwe mapema. Kwenye mteremko mrefu shusheni gia, injini ishike gari. Dereva anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha hadi zinaacha kushika, na gari lililobeba mahema, maji na watu watano huzichemsha mapema zaidi.

Kambini, kazi kubwa ni usafi. Chochote chenye harufu hukaa ndani ya gari lililofungwa, au kwenye kabati la chuma la kambi, kila mnapoacha meza na kila mnapolala. Chakula na deli la barafu kila mtu anavikumbuka. Vinavyosahaulika ni dawa ya meno, mafuta ya midomo, sabuni, bakuli la mbwa, nepi zilizotumika, jiko lenyewe lenye mafuta yaliyoruka, na chupa tupu za juisi. Maji ya kuoshea vyombo yachujwe, makombo yaende pipani, maji yamwagwe kwenye shimo la maji machafu, kamwe si nyuma ya hema. Nguo mlizokaangia nyama zisiingie hemani. Katika kambi ya Lake Louise eneo la mahema limezungushiwa uzio wa umeme kwa ajili ya dubu, lakini hata humo sheria hizi hazilegei. Kumlisha mnyama kunaweza kukutoza faini ya hadi dola 25,000 za Kanada.

Kopo la dawa ya pilipili ya kumzuia dubu hubebwa kiunoni, si ndani ya begi. Halipuliziwi kwenye hema wala kwenye nguo kama dawa ya mbu, kwani pilipili iliyokauka yaweza hata kumvuta dubu. Hutumika dubu anapokujia, akiwa mita chache mbele yako. Jifunzeni kutoa kizuizi kwa kidole gumba kabla ya safari, na msiliache kwenye gari lililopigwa jua, maana hupasuka. Katika matembezi watoto wakae katikati, na mzungumze kwa sauti kwenye kona na karibu na mito yenye kelele. Mkikutana na dubu, mtu asikimbie. Mbebeni mdogo, songameni pamoja, mrudi nyuma polepole.

Baridi ndiyo huvunja safari nyingi kuliko dubu. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 mnazopanda, na usiku wa Julai waweza kukaribia sifuri. Lebo ya mfuko wa kulalia huwa na namba mbili: ya starehe na ya kikomo. Nunua kwa kufuata ya starehe. Mfuko wa gharama juu ya mkeka mwembamba hausaidii, kwa sababu uzito wa mwili hubana manyoya ya chini na ardhi hunyonya joto. Mtungi wa gesi ya jiko wenye buteni peke yake hugoma baridi ikifika sifuri, hivyo chukueni mchanganyiko wenye propani. Na jiko lisiingizwe hemani hata kama mvua inanyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Asubuhi ya kuondoka, hema likishakunjwa, mpeni kila mtoto kipande cha uwanja akague akiwa amechuchumaa. Punje za mahindi, ganda la yai, kijiti cha peremende: vyote viende kwenye pipa la chuma lenye komeo, na mkono usukume mfuniko mpaka usikie umejifunga.