LPN ya Marekani na cheti cha uuguzi cha Bongo: pigeni hesabu kwanza

Mtu akishuka tu huku Marekani na Green Card yake ya bahati nasibu, uchovu wa ndege haujaisha, wabongo wenzake washamkalisha chini: fanya CNA (msaidizi wa wauguzi) upate pa kuanzia, halafu kasome LPN (muuguzi mwenye leseni, ngazi ya kati), mwaka mmoja tu umeachana na kubeba maboksi. Ushauri sio mbaya na mimi mwenyewe nakula kupitia kazi hizihizi, ila unatolewaga bila hesabu, na kwenye hesabu ndo watu wanapoumia.

Tuanze na mapato maana ndo yanayowavuta wengi. Takwimu za wizara ya kazi ya huku za Mei 2024 zinasema CNA wa katikati, yaani nusu ya wenzake wanamzidi na nusu amewazidi, anapata dola 39,530 kwa mwaka, LPN 62,340, RN (muuguzi kamili aliyesajiliwa) 93,600. Kwa hiyo ukitoka CNA kwenda LPN unaongeza kama dola 22,800 kwa mwaka kabla ya makato. Shangazi kule nyumbani akiisikia hiyo elfu sitini na mbili anaigeuza shilingi palepale, anaona kijana kashatoboa, hajui kwamba asilimia 7.65 inaondoka juu kwa juu ya Social Security na Medicare (pensheni na matibabu ya uzeeni), bado kodi ya serikali kuu, bado ya jimbo kama lako linayo, bima ya afya, pango, na gari, maana sehemu nyingi huku huna gari huna kazi.

Sasa ada. Hapa ndo pa kukaza macho. Komyuniti koleji na vyuo vya ufundi vya serikali, kwa mkazi wa jimbo, kozi nyingi nilizowahi kuziangalia hazizidi dola elfu kumi na tano, lakini kuna foleni, kuna masomo ya kutanguliza kama anatomia, kuna mtihani wa kuingilia, na mara nyingi inabidi uwe umekaa jimboni mwaka mzima ndo wakuhesabu mkazi. Vyuo vya binafsi havina hizo shida, unapiga simu leo kesho wanakuita, ila bei inaweza kupita elfu thelathini na wanakuwekea fomu za mkopo mezani kabla hujamaliza kusalimia. Mwenye Green Card anaweza kuomba Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024-25 mwisho wake ni dola 7,395 na huirudishi, na kwenye komyuniti koleji hiyo inabeba mzigo mkubwa. Kwenye chuo cha elfu thelathini ni kama kuitia chumvi bahari.

Na ada sio gharama yote jamani. Klinikali, yaani mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa, zinaanza alfajiri, huwezi kupiga shifti zako zote na ukasoma, kwa hiyo weka na mshahara unaoukosa. CNA anayeacha kazi mwaka mzima akalipa na chuo cha elfu thelathini, ametumia karibu elfu sabini, ile nyongeza ya 22,800 itamchukua miaka mitatu kurudisha tu, tena hapo sijatoa kodi wala riba ya mkopo. Aliyekwenda komyuniti koleji kwa elfu kumi na mbili akabaki na shifti za wikendi, tuseme kapoteza nusu ya mshahara, yeye mwaka mmoja na nusu hivi karudisha. Cheti ni kilekile, mtihani wa leseni ni uleule wa NCLEX-PN wa dola 200. Mgonjwa hakuulizi ulisoma wapi.

Chuo kinakuja kukuuliza baadaye, pale unapotaka kwenda RN. Kama kile ulichosoma hakina ithibati inayotambulika kama ya ACEN, chombo kinachokagua kozi za uuguzi, unaweza kukuta masomo yako hayahesabiwi unaanza upya, na huko RN ndo kwenye hela. Kabla ya kulipa hata senti fungua tovuti ya bodi ya wauguzi ya jimbo lako uone kama chuo kimeidhinishwa na asilimia ngapi wanafaulu NCLEX, bodi nyingi zinaweka wazi. Na yule anayekunong'oneza kuna njia ya mkato ya cheti mkimbie, Januari 2023 serikali ya huku iliwaumbua watu waliouza vyeti feki zaidi ya 7,600 kupitia vyuo vitatu vya Florida, wapo walionunua wakapoteza leseni na kazi.

Kazi yenyewe sasa. LPN wengi wako nyumba za wazee, hospitali zimebaki nafasi chache. Asubuhi unasukuma kitoroli cha dawa kwenye korido, wazee ishirini na kitu ni wako, bibi wa chumba cha mwanzo hamezi kidonge mpaka ukisage uchanganye na uji wa tufaa, wa pili anataka kujua mwanae anakuja saa ngapi, kila dawa unaibofya kwenye kompyuta, ukichelewa inawaka nyekundu na bosi anaiona. Maamuzi makubwa ni ya RN. Ukimwangalia mwenye cheti kule Bongo, kwenye zahanati, anazalisha, anachanja, anashona kidonda, usiku yuko peke yake na tochi, wallahi kazi ya yule ni kubwa kuliko yangu, ila ndo hivyo mshahara hauendi na ukubwa wa kazi.

Bongo cheti cha uuguzi na ukunga ni miaka miwili, diploma mitatu, na hata chuo cha binafsi mzazi anayejibana anakimudu bila riba. Tatizo linaanza ukishamaliza. Aprili 2023 TAMISEMI ilitangaza nafasi za kada za afya 8,070 nchi nzima, kada zote hizo sio wauguzi peke yao, na mtaani kuna vijana wamemaliza miaka kadhaa wanajitolea kwenye vituo kwa nauli tu. Huku ni kinyume chake, deni unalo ila ukishika leseni ajira haikusumbui. Mimi naona ndo tofauti yenyewe, mengine ni makelele.

Kwa hiyo wadogo zangu mlioko nyumbani mnaoniuliza inbox kama LPN inaweza kuwaleta huku: kuja kama mwanafunzi utalipa ada ya mgeni, Pell hupati, na ruhusa ya kufanya kazi ni finyu sana. Wizara ya kazi ya Marekani imeweka wauguzi wa RN kwenye ile orodha yao ya Schedule A ya kazi zenye upungufu, mwajiri akikuombea Green Card karatasi zinapungua, LPN hayumo. Mwenye cheti aunge diploma hapohapo Bongo, apate uzoefu wodini, apeleke vyeti vikatathminiwe CGFNS (siku hizi wanajiita TruMerit), shirika la huku linalokagua vyeti vya wauguzi wa nje, akae NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN. Ni safari ndefu na Kiingereza wanakipima kweli, lakini akifika anaanzia kwenye ule mstari wa RN badala ya kuanza na maboksi halafu CNA halafu LPN na deni juu.